Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Waumini Kuhusu Mama Anayelea Watoto Peke Yake

Kwa maaskofu, maparoko, wachungaji, maimamu, masheikh, na wenyeviti wa jumuiya za waumini nchini Tanzania.

Barua hii inajadili namna imani na ujirani vinavyomwezesha mama anayelea watoto peke yake kuushinda umaskini, pamoja na namna ambavyo baadhi ya taratibu zinazosimamiwa na viongozi wanaoandikiwa hapa huizuia kazi hiyo isifanyike. Kwa mama anayelea watoto peke yake anakusudiwa mwanamke yeyote ambaye chakula, kodi ya chumba, sare za shule na matibabu ya watoto vimebaki mikononi mwake bila mwenza wa kushirikiana naye, awe ni mjane, mtalaka, aliyetelekezwa na mume ambaye bado anahesabika kuwa mume, au aliyezalia nyumbani, yaani aliyepata mtoto kabla ya kuolewa akiwa bado chini ya dari la wazazi wake. Jamii huwatazama wanawake hao kwa macho tofauti, kwa kuwa mjane huhurumiwa, mtalaka hushukiwa na aliyezalia nyumbani hulaumiwa, lakini mzigo wao ni mmoja: mtu mmoja hulazimika kutafuta fedha na kulea katika saa zile zile za siku, na kila saa anayoitoa kwa kazi moja anaikata katika nyingine.

Katika nyumba za ibada, habari za wanawake hawa husikika zaidi kwa njia ya ushuhuda, yaani simulizi ambayo muumini huitoa mbele ya wenzake kueleza jambo ambalo Mungu amemtendea. Mama husimama, husema kwamba aliachwa na watoto bila kitu, aliomba, alifunga, na leo ana genge lake la mboga, watoto wanasoma, na kiwanja kimelipiwa. Waumini husifu, na wana haki ya kusifu, kwa sababu mwanamke aliyelala na njaa ili watoto wale, na ambaye hakukata tamaa, ameonyesha jambo ambalo maelezo ya kiuchumi peke yake hayalimalizi. Hata hivyo, ushuhuda kwa desturi yake huwa mfupi, na katika kufupishwa huko kinachoondolewa mara nyingi ni watu. Hawatajwi wanawake wanne waliomdhamini mkopo wa kwanza, wala jirani aliyekaa na mtoto mchanga wakati mama anakwenda sokoni alfajiri, wala mzee wa kanisa aliyemwombea mwenye nyumba avumilie kodi ya miezi miwili. Hoja ya barua hii inaanzia hapo. Ikiwa Mungu alimjibu mama huyo kwa kupitia mikono ya watu, basi mikono hiyo inaweza kuchunguzwa, kupangwa na kuongezwa, na viongozi wenye mamlaka juu ya jumuiya wanaweza kuombwa kuifanya iwe ya kudumu badala ya kuiacha itokee kwa bahati ya mtaa mmoja na ikosekane katika mtaa wa pili.

Mfano ulio wazi zaidi ni VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo leo vinakutana katika kumbi za makanisa, barazani na chini ya miembe karibu kila wilaya. Mfumo huu una asili ya Afrika yenyewe, kwa maana vikundi vya aina hii vilianza mwaka 1991 katika eneo la Maradi nchini Niger, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kujiwekea fedha kwa pamoja chini ya mpango ulioitwa Mata Masu Dubara, na baadaye mfano huo ukaenea katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Wanachama hukutana kwa kawaida kila wiki, kila mmoja hununua hisa kwa kiasi anachokimudu, fedha huhesabiwa mbele ya wote na kufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, na baada ya muda mwanachama huruhusiwa kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya thamani ya hisa zake. Riba, pale inapotozwa, huamuliwa na wanachama na hurudi kwao wakati wa kuvunja mzunguko, yaani siku ya kugawana akiba na faida baada ya takriban mwaka mmoja. Pembeni mwa hisa kuna mfuko wa jamii, ambao ni mchango mdogo usiokopeshwa kwa faida, bali hutolewa mwanachama anapofiwa, anapougua au anapopatwa na janga.

Kwa mama asiye na shamba, nyumba wala hati ya kuweka benki, thamani ya kikundi hiki haimo katika ukubwa wa fedha, ambazo kwa kweli huwa kidogo. Imo katika dhamana, yaani kile ambacho mkopeshaji hukishika ili awe na hakika kwamba atalipwa. Benki hutaka dhamana ya mali, ilhali kikundi hutaka dhamana ya jina. Wanachama hujigawa katika makundi ya watu watano wanaojuana, mmoja akikopa wanne humdhamini, na akishindwa kulipa wanne hao ndio wanaoulizwa. Hapa ndipo imani inapoingia katika uchumi kwa namna ambayo wachumi wengi huipita haraka. Mtu anayesali na wenzake kila wiki, ambaye watoto wake wako katika mafundisho ya kipaimara au madrasa pamoja na watoto wao, na ambaye anaamini kwamba deni ni amana atakayoulizwa mbele ya Mungu, ana jina linaloweza kukopesheka hata kama hana kiti cha kukalia. Uaminifu uliojengwa katika ibada hugeuka kuwa mtaji, na mtaji huo hawezi kuuweka rehani wala kunyang'anywa na dalali.

Umuhimu wa jambo hilo huonekana vizuri pale linapokosekana. Mama ambaye hakuna kikundi kinachompokea, na ambaye mtoto wake ameamka na homa kali, huishia kwa wakopeshaji ambao mitaani mikopo yao imepewa jina la kausha damu, yaani mikopo ya haraka yenye riba kubwa inayorejeshwa kila siku au kila wiki, ambayo akichelewa kuilipa huchukuliwa godoro, jiko la gesi na hata vyombo vya biashara anavyovitegemea ili aweze kulipa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji binafsi chini ya leseni na usimamizi wa Benki Kuu, na ikavitambua vikundi vya kijamii kama daraja la nne la watoa huduma, vikisajiliwa kwa kupitia mamlaka za serikali za mitaa. Pamoja na hayo, sheria haiwezi kumdhamini mtu. Inaweza kumzuia mkopeshaji mbaya kwa kiasi fulani, lakini haiwezi kumpa mama wanawake wanne watakaosema kwamba wanamfahamu, na kazi hiyo hubaki kwa jumuiya.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, chombo cha kuifanya kazi hiyo kipo kwa takriban nusu karne. Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, waliounganishwa katika AMECEA tangu mwaka 1961, walikubaliana katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani makundi ya familia jirani zinazokutana nyumbani kwa zamu kusali, kusoma Neno na kusaidiana. Sharika za Kilutheri nazo zina ibada za nyumba kwa nyumba zinazofanana na hizo, na msikiti wa mtaa, pamoja na madrasa yake na akina mama wanaokutana kwa darasa na maulidi, hubeba kazi ile ile kwa mpangilio wake. Ni vigumu kufikiri chombo kinachofaa zaidi kumfahamu mama aliyeelemewa kuliko kikao kinachoingia ndani ya chumba chake na kukalia mkeka wake.

Tatizo ni kwamba katika maeneo mengi chombo hicho kimegeuka kuwa kituo cha kukusanyia michango. Bahasha ya zaka, mavuno, ujenzi, zawadi ya askofu anayekuja kutoa kipaimara, pole ya msiba na pongezi ya jubilei hupitia katika jumuiya, na daftari la mahudhurio na michango ndilo hutazamwa mwenyekiti anapoombwa kutia sahihi fomu ya ubatizo au ya maziko. Kikao chenyewe katika parokia nyingi za mijini hufanyika Jumamosi saa 12 asubuhi, saa ambayo mama lishe amekwisha kuwasha mkaa na kuchemsha chai ya wateja wa kwanza. Mama anayekosa vikao kwa sababu hiyo, na anayechelewesha michango kwa sababu inayojulikana na kila jirani, huandikwa kuwa mlegevu, na siku anapoihitaji jumuiya huambiwa alipe kwanza malimbikizo. Haipasi kuaminiwa kwamba viongozi walikusudia hivyo. Lakini utaratibu unaomtoza mwenye njaa ili aweze kuzikiwa mtoto unahitaji kuondolewa na mtu mwenye mamlaka ya kuuondoa, na mamlaka hayo hana mwenyekiti wa jumuiya, wanayo paroko na askofu. Wapo pia wahubiri wanaomhimiza mama wa namna hii kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka kubwa akitarajia kurudishiwa maradufu, na kwao neno linatosha kuwa fupi: fedha ya ada ya mtoto inayoombwa kwa ahadi ya muujiza ni fedha ya mtoto.

Jambo zito kuliko michango ni aibu. Katika baadhi ya makanisa, binti aliyezaa nje ya ndoa hutengwa, kwa maana ya kuondolewa katika Meza ya Bwana na katika huduma kama kwaya, mpaka atakapofanya toba mbele ya usharika na kupokewa tena, tendo linaloitwa kurudi kundini. Nidhamu ya kanisa ina misingi yake, na barua hii haikusudii kulifundisha kanisa lolote mafundisho yake kuhusu ndoa. Inachokiona, hata hivyo, ni kwamba nidhamu hiyo humpata yule ambaye mwili wake umeonyesha ushahidi, huku mwanamume aliyeshiriki tendo lile lile akiendelea kuimba besi katika kwaya ile ile. Zaidi ya hayo, kutengwa huja wakati mbaya kabisa, kwani ni katika miezi ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto ambapo mama huyo anahitaji wadhamini, wauguzi na walezi, na ndipo anapoambiwa akae nyuma. Jina lake, ambalo ndilo mtaji pekee aliokuwa nao, linavunjwa hadharani na watu wale wale ambao kesho wataombwa kumdhamini.

Kanisa Katoliki limekwisha kulisemea jambo hili kutoka juu. Mwaka 2012, Jorge Mario Bergoglio, aliyekuwa bado Askofu Mkuu wa Buenos Aires, aliwakemea waziwazi mapadre waliokataa kuwabatiza watoto wa akina mama wasioolewa, na Desemba 2023, yeye akiwa sasa Papa Fransisko, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández lilimjibu kwa barua askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika aliyeeleza kwamba akina mama wa namna hiyo waliogopa kukaribia Komunyo kwa sababu ya ukali wa makasisi na viongozi wa jumuiya, likasisitiza kwamba hali ya kulea mtoto bila mume haipaswi kuwazuia wasipokee sakramenti. Inafaa kuzingatiwa kwamba barua hiyo iliwataja pia viongozi wa jumuiya, kwa sababu wao ndio mama hukutana nao kila wiki. Parokia ambayo bado humtaka mama alete cheti cha ndoa kabla mtoto hajabatizwa inapaswa kujiuliza inaufuata mwongozo wa nani.

Zanzibar nayo ina somo lake, safari hii la dola. Sheria iliyotungwa mwaka 1985 kwa lengo lililotajwa kuwa ni kuwalinda wanawake wasio na waume iliruhusu mwanamke asiyeolewa kufungwa jela kwa kupata ujauzito, na ilichukua miaka 20 mpaka sheria mpya ya mwaka 2005 ilipoiondoa adhabu hiyo ya kifungo. Tanzania Bara, mwanafunzi aliyejifungua aliruhusiwa rasmi kurudi katika shule ya serikali Novemba 2021. Serikali mbili zimekwisha kukubali, kila moja kwa wakati wake, kwamba kumfungia msichana mlango hakuurudishi wakati nyuma, na ingesikitisha sana nyumba za ibada zikabaki kuwa mahali pa mwisho pa kukubali hilo.

Kwa viongozi wa Waislamu, msingi wa msaada huu umewekwa katika nguzo yenyewe ya dini. Zaka, ambayo kwa fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachomwajibisha mtu kutoa, na ikapitiwa na mwaka mmoja, imewekewa makundi manane ya wapokeaji katika Suratu Tawba, na miongoni mwao wamo mafukara, maskini na wenye madeni. Mama aliyenaswa na mikopo ya riba kwa sababu ya kulisha na kutibu watoto anaweza kuingia katika zaidi ya kundi moja kati ya hayo. Mazoea ya kugawa zaka kwa noti ndogo ndogo kwa watu wengi wanaopanga foleni mbele ya nyumba ya tajiri katika Ramadhani humshibisha mtu siku moja na kumwacha na deni lake. Kamati ya msikiti inayokusanya zaka ya mtaa, ikamlipia mama mmoja deni lote na kumpa mtaji wa kuanzia, itakuwa imemtoa katika orodha ya wapokeaji, na jambo hilo liko karibu zaidi na shabaha ya zaka. Pale ambapo wanawake wanaogopa VICOBA kwa sababu ya riba, masheikh wanaweza kuwaandalia katiba ya kikundi kisichotoza riba badala ya kuishia kuwakataza tu, kwa maana katazo lisilo na njia mbadala huwasukuma wanawake kwenye riba iliyo kubwa zaidi.

Ipo pia kazi ya kuunganisha, ambayo haigharimu fedha. Halmashauri zote hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ili kuifikia, wanawake wanatakiwa wawe kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki, na anayewapokea kwa kawaida ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha jumuiya ambacho kimeweka akiba kwa mwaka mzima bila ugomvi kimekwisha kutimiza sehemu ngumu kuliko zote, na kilichobaki ni mtu anayejua kuandika katiba na kufungua mlango wa ofisi ya kata bila woga. Waumini wa aina hiyo wamo katika kila parokia na kila msikiti: walimu, makarani, wanasheria, wahasibu. Kadhalika, walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF hupendekezwa katika mikutano ya kijiji au mtaa, na mama anayeishi chumba cha uani kwa baba yake anaweza kuhesabiwa ndani ya kaya ya baba na kusahaulika, kama hakuna anayesimama kumsemea.

Hatimaye kuna baba wa mtoto, ambaye habari zake karibu kila mara hukosekana katika ushuhuda. Chini ya sheria ya zamani iliyorithiwa kutoka ukoloni, matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yaliwekewa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa miaka mingi kabla ya kufutwa hakikutosha kununua hata kibiriti na chumvi kwa pamoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta, na sasa mama, au hata afisa ustawi wa jamii kwa niaba ya mtoto, anaweza kuiomba mahakama iamuru matunzo kwa kuzingatia kipato na mali ya wazazi, na pale ubaba unapobishaniwa mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, ambacho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliofunzwa kuwaongoza wananchi katika mashauri bila malipo. Wanawake wengi hawazitumii sheria hizi kwa sababu huambiwa, mara nyingi na wazee wa dini wenye nia njema, kwamba wamwachie Mungu. Kumwachia Mungu kisasi ni ibada, lakini matunzo ya mtoto si kisasi. Ni haki ya mtoto, na baba anayeketi katika safu ya mbele ya ibada anaweza kuitwa ofisini na kiongozi wake wa kiroho akaulizwa mtoto wake anakula nini, kabla hajaitwa na hakimu.

Kwa hiyo viongozi wanaoandikiwa wanaombwa wayaingize mambo yafuatayo katika vikao vyao vya kawaida, yaani sinodi, halmashauri za walei, mabaraza ya masheikh na kamati za misikiti, kabla ya mwaka wa bajeti ujao. Fomu za ubatizo na maziko zitenganishwe na daftari la michango, na kila jumuiya iwe na kikao cha jioni kwa wale wanaofanya kazi alfajiri. Utaratibu wa kutenga usitishwe katika kipindi cha ujauzito na unyonyeshaji, na popote utakapobaki umhusu pia mwanamume aliyetajwa. Sehemu ya mapato ya kila parokia, usharika na msikiti itengwe kulipia hisa za mwanzo za mama asiye na kitu katika kikundi cha kuweka na kukopa, aingie humo akiwa mwanachama mwenye kura, asiwe mgeni wa sadaka. Na katika kila kata wateuliwe waumini wawili, mmoja mwenye ujuzi wa hesabu na mwingine wa sheria, majina yao na siku zao za kupatikana yabandikwe mlangoni pa nyumba ya ibada, mahali ambapo mama anayepita na ndoo kichwani anaweza kuyasoma bila kumwomba mtu ruhusa.